Mausi, Padi na Mkono Uliofungwa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ofisini, mchana kweupe, na ofisi imepambwa kwa harusi.

Ili msinione mwehu, nianze na yale ya macho. Mimi ni Tunu Shekiondo, mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Tanga. Kadi za harusi, kalenda, vitabu vya chekechea, ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu anayecheka, vyote hupita mikononi mwangu. Au niseme hupita katika mkono mmoja, wa kulia, ambao tangu Ramadhani umekuwa ukiuma kwenye kifundo hadi nashindwa kukamua nguo. Daktari aliutazama, akasema kinachouumiza ni lile limausi la zamani ninalolisukuma kutwa. Nibadilishe kifaa, niupumzishe mkono, la sivyo nijiandae kwa kisu.

Bosi wangu, Bwana Mhando, ana huruma, lakini ya kupimwa kwa kijiko. Alinipa fomu yenye visanduku viwili. Cha kwanza: mausi wa mguso, yule asiye na vitufe, ambaye unampapasa mgongoni na kurasa zinakwenda. Cha pili: padi, kile kibao bapa kinacholala mezani bila kusogea, wewe unatelezesha vidole juu yake. Niweke alama kwenye kimoja na kurudisha Jumatatu. Mwezi ukiisha na mkono bado unauma, kiti changu atakikalia mpwa wake, Evarist.

Huyo Evarist anajiita mshauri wa teknolojia kwa sababu siku moja alibadilisha wino wa printa bila kujichafua. Kila asubuhi ananiuliza mkono unaendeleaje, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumba cha kupanga. Sina la kuongeza juu yake, na hilo lenyewe nimelisema kwa ukarimu.

Basi, ndoto.

Naingia ofisini. Mashine ya kukatia karatasi imefunikwa satini ya waridi. Watu wamekaa mezani mistari kwa mistari, wamevaa sare, na kwenye meza kuu wamekaa Mausi na Padi, kila mmoja na ua la plastiki, kila mmoja ndani ya nailoni yake ya dukani. Bwana Mhando hataki nailoni itolewe kwenye kitu chochote. Kiti chake mwenyewe kina nailoni tangu kinunuliwe, na akikaa unasikia kama mtu anafungua pipi.

Inabidi niwasalimie wakubwa wa meza kuu. Tatizo, sijui nani mkubwa kwa mwenzake. Nasema, "Shikamooni," nikijua nimekwepa.

"Marahaba," wanaitikia wote wawili kwa pamoja, kisha wanageukiana na kutazamana vibaya.

Evarist ndiye mshereheshaji. Ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, anaita mgeni rasmi asome kanuni. Mgeni rasmi ni Bwana Mhando. Anasimama, nailoni inalia, anafungua karatasi.

"Kanuni ni moja," anasema. "Atakayechaguliwa anaondoka na mkono."

"Mkono gani?" nauliza.

"Wa kulia. Si ndio uliozungumzwa?"

"Anaondoka nao kwenda wapi?"

"Kazini, Bi Tunu. Wewe utabaki."

Watu wanapiga makofi. Naangalia mkono wangu wa kulia, nao unaangalia pembeni. Niliogopa, sitaficha. Huo ndio mkono wangu wa kulia chakula, wa kusalimia watu, wa kumpa kitu mama mkubwa wangu Mwanakheri ambaye ninaishi naye, na ambaye kwake kitu kilichotolewa kwa kushoto ni bora kimwagwe. Bila mkono huo ningekuwa mtu wa namna gani, sikujua. Nilijua tu kwamba makofi yalikuwa mengi kupita kiasi.

Naanza na Mausi. Ninapomvua nailoni Bwana Mhando anafumba macho, kama mtu anayeona jirani akivuliwa nguo. Mausi ni mweupe, mgongo laini kama yai lililomenywa, na anajijua.

"Nishike," anasema, "lakini usinishike."

"Nifanyeje?"

"Weka kiganja, usiweke uzito. Kidole kikilala tu, mimi napeleka."

Naweka kiganja. Nauinua mkono uning'inie hewani, na kifundo kinaanza kuchoma. Kidole cha shahada kinachoka, kinalala kidogo tu. Ukumbi wote unapanda. Wageni, keki, masufuria ya pilau, vyote vinapita juu ya dari kwa kasi, na kutoka chini wanakuja wageni wengine nisiowajua, wamevaa sare nyingine, wanakula biriani.

"Umetupeleka ukurasa wa kumi na nne," Mausi anasema.

"Sikukusudia."

"Mimi sijui makusudi. Mimi najua kidole."

Wale wageni wa ukurasa wa kumi na nne wananitazama kwa chuki, wamekatishwa biriani. Nawaomba radhi. Namrudisha Mausi polepole hadi harusi yetu inarudi mahali pake, ingawa keki sasa ina tabaka moja pungufu na hakuna anayetaka kusema imeenda wapi.

"Nimeona njaa," Mausi anatangaza. Hapo hapo anageuka, analala chali juu ya meza kuu, tumbo wazi, na Evarist anakimbia kumchomeka waya katikati ya tumbo.

"Akila hafanyi kazi?" namuuliza Evarist.

"Atafanyaje kazi amelala chali, dada Tunu?" Anajibu kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima usikie. "Huo ndio muundo wenyewe. Ni kitu cha kisasa."

"Na aliyemweka tundu tumboni alikuwa na akili timamu?"

"Unaangalia utumizi, dada. Wenzako wanaangalia uzuri."

Tunaambiwa tusubiri ashibe. Katika maisha yangu nimesubiri mengi kwenye harusi: bwana harusi aliyekosa soksi, shehe aliyekwenda kufungisha ndoa kwingine kwanza, bibi harusi aliyerudi saluni kufumua nywele. Sijawahi kusubiri mgeni wa meza kuu aliyelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa. Bwana Mhando anampigia makofi hata hivyo. Ni mtu anayepigia makofi kitu chochote kilichomgharimu.

Namwendea Padi. Huyu hana majivuno ya mgongo, maana hana mgongo. Ni bapa kama kigae, na anaongea kama karani wa dirishani ambaye tayari amekwambia mara moja.

"Kidole kimoja kinatembea," anasema. "Viwili vinapandisha na kushusha. Viwili vikibanana, kilichoko mbele yako kinapungua. Vikitanuka, kinakua. Vitatu, unahama mahali. Vinne usiviweke."

"Vinne vinafanya nini?"

"Swali hilo hujibiwa mara moja tu."

Kabla sijamuuliza zaidi, Evarist amefika. Ameegemea meza kuu kama ya kwao, na kwa kweli ni ya kwao.

"Nikushauri kitu, dada Tunu. Padi ni ya watu wasio na meza. Mtu wa kazi anashika mausi. Kwa mtazamo wangu, wewe hata kifundo chako ni cha mausi."

Kunishauri kazi yangu nilikuwa nimemzoea. Kunishauri kifundo changu, hapana. Naweka vidole viwili juu ya Padi, nambana. Evarist anapungua, anakuwa na kimo cha chupa ya chai. "Kwa mtazamo wangu," anaendelea. Nambana tena. Anakuwa kijiko. Nambana mara ya tatu hadi anakuwa kokwa ya tende, pamoja na kipaza sauti chake, na bado anashauri, safari hii anakishauri kitambaa cha meza. Sikuendelea. Kuna watu wakifika mahali fulani hawapungui tena.

Raha ile haikudumu. Kila nilipobana, maumivu yalipanda kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Padi naye alikuwa anaunyonya mkono uleule.

"Na wewe unaniumiza," namwambia.

"Mimi sijaomba mkono huo," Padi anasema. "Umenipa wewe."

"Bi Tunu, tia alama," Bwana Mhando anaita. "Watu wana njaa, na huyu mwenzetu anakaribia kushiba." Amekwisha toa kisu cha keki, na hakiangalii keki. Sitaki kumpa mkono huyu wala yule. Kwa kukosa la kufanya, naweka vidole vitatu juu ya Padi.

Tuko jikoni kwa Mama Mkubwa, Muheza, miaka thelathini na minane iliyopita. Nina miaka mitano, lakini nimevaa miwani yangu ya kusomea. Tumekaa mkekani kuzunguka sinia la wali na mchuzi wa samaki: mimi, Mama Mkubwa, Padi, Bwana Mhando na kiti chake cha nailoni, na Mausi bado yuko chali na waya wake. Evarist yuko ukingoni mwa sinia, anaishauri punje ya wali.

Mkono wangu wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga.

Hili si la ndotoni peke yake. Nilizaliwa nina mashoto. Nilichokiona nilikifuata kwa kushoto, kijiko, kalamu, mkono wa mgeni. Mama Mkubwa ndiye aliyenilea, naye alinifunga kila siku wakati wa kula na wakati wa kuandika, mwaka mzima, hadi nikawa mtu wa kulia kama watu wengine. Sikumchukia kwa hilo. Nilidhani hivyo ndivyo watoto wanavyotengenezwa.

"Kula," Mama Mkubwa anasema.

Nautuma mkono wa kulia. Hauendi.

"Nimechoka," mkono wa kulia unasema. "Miaka thelathini na minane nafanya kazi ya watu wawili. Huyo mwenzangu yuko wapi?"

"Nipo hapa," sauti inajibu kutoka kiunoni. "Nimefungwa. Hamkuona?"

"Wewe nyamaza," Mama Mkubwa anauambia mkono wa kushoto. "Huna kazi unayoijua zaidi ya ile."

"Naomba niulize," mkono wa kushoto unasema, kwa adabu ambayo sikuitarajia. "Tunu akiwa anakula, vidole vya kulia vina mchuzi, na simu ikilia, nani anaishika?"

Hausubiri kujibiwa.

"Nani anapandisha na kushusha meseji za kundi la ukoo? Nani anatanua picha ili aone gauni la mke wa binamu Shemweta limeshonwa vibaya wapi?"

Nilitazama wali. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa aibu, hasa hilo la gauni.

"Unatanua kwa vidole vingapi?" Padi anauliza. Ni mara ya kwanza naona amevutiwa na jambo.

"Viwili. Kubana, kutanua, kupandisha, kushusha. Sikufundishwa na mtu. Na kwenye fomu za serikali, wanataka dole gumba la mkono upi?"

Swali hilo limemgusa Bwana Mhando, maana anapenda fomu kuliko watu. "La kushoto," anakiri, shingo upande.

"Mimi kwa mkono huo sishikwi," Mausi anasema kutoka pale alipolala. "Huo ni wa chooni."

"Mimi siulizi umetoka wapi," Padi anasema. "Mradi umenawa."

Hapo ndipo nilipomdharau Mausi moja kwa moja. Kiumbe kinachokula kwa tumbo, miguu juu mbele za watu, kinachagua mkono wa kukigusa. Nikamgeukia Mama Mkubwa.

"Nifungue, mama."

"Nikufungue halafu nionekanaje kwa watu? Mtoto niliyemlea mimi, atoe kwa kushoto, apokee kwa kushoto?"

"Mkono wa kulia unakufa, mama. Ukifa, kiti changu anakikalia yule." Nikamwonyesha Evarist pale ukingoni. "Na hapa wanataka kuuchukua kabisa. Nitabaki na huu uliofungwa. Nifanye kazi na nini?"

Mama Mkubwa ananisogelea mkekani, anashika fundo la kanga kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vinahangaika. Anavuta, anasukuma, fundo linakaza. Anamtazama Bwana Mhando, anamkuta anasoma kanuni zake. Anamtazama Mausi, anamkuta anakula. Basi anauleta mkono wake wa kushoto haraka, vidole vitatu tu, na fundo linafunguka kama halikuwahi kufungwa.

Nimeona. Naye ameona kwamba nimeona.

"Mama," nasema. "Una mashoto."

Anakunja kile kipande cha kanga, anakiweka chini ya paja.

"Mimi nilifungwa kwa ukindu, ule wa kusukia mikeka," anasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Ukilowa unakata. Bibi yangu alinifunga mpaka nilipovunja ungo. Wewe nilipoona una mashoto, nikatafuta kanga, ile laini ya zamani. Nikajiona nimekuonea huruma."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanza kukwambia siku gani?"

Nikalia. Nililia kama mtoto wa miaka mitano, na miwani ikajaa ukungu. Nilimlilia yeye zaidi kuliko mimi. Mkono wa kushoto ukaja wenyewe ukanifuta, taratibu, ukikosea jicho mara ya kwanza kwa kukosa mazoezi.

Kisha ukachukua kalamu, ukatia alama kwenye kisanduku cha Padi.

"Vizuri," anasema Bwana Mhando, na kisu cha keki kiko mkononi. "Sasa tulete wa kulia."

"Kanuni inasema naondoka na mkono," Padi anasema. "Mkono ulionichagua ni wa kushoto. Nao umekuja na mwenyewe. Huyo mwingine akalale."

Bwana Mhando anageuza karatasi nyuma na mbele, anatafuta kanuni ya pili. Haipo. Mausi ameshiba, amegeuka, ameanza hotuba kuhusu heshima ya mgongo wake na watu wasiojua vitu vizuri. Evarist anampigia makofi kwa viganja ambavyo havionekani. Nikaona hawa wana siku nzima mbele yao, na mimi sina.

Naweka vidole vinne vya kushoto juu ya Padi, natelezesha.

Vyote vinaondoka kwa pembe nne za dunia, sinia, satini, kiti cha nailoni, Mausi katikati ya neno. Wa mwisho kupita ni Evarist. "Kwa mtazamo wa—" anasema, naye anapita. Inabaki sakafu tupu. Mama Mkubwa anabaki kidogo, amekaa pale mkekani, kisha mkeka nao unakwenda naye akiwa juu yake, wala hanitazami.

Niliamka jua limeshapanda. Kifundo kilikuwa kinauma vilevile kama jana. Nikakaa kitandani nikijidharau, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, anaota vifaa vya kompyuta vinamwambia marahaba. Nikaamua Jumatatu nitaweka alama kwa mausi kama wanavyoweka wote na mambo yaishe. Mkono wa kushoto si mkono wa kuanza nao kazi ukubwani, na Mama Mkubwa nimeishi naye miaka yote hii, ni mtu wa kulia kuliko mtu yeyote ninayemjua. Juzi tu alimrudisha mtoto wa jirani mlangoni kwa sababu alimletea chumvi kwa kushoto.

Nikachemsha chai, nikampelekea chumbani kwake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amemaliza dua na nyuradi zake za asubuhi, bado usingizi haujamtoka vizuri machoni. Nikampa kikombe kwa mkono wa kulia. Kilikuwa kinatetemeka, maana siku hizi hata kikombe ni kizito.

Mkono uliokuja kukipokea ulikuwa wa kushoto.

Ulikuja moja kwa moja, bila kusita, vidole vimejipanga tayari kwa kishikio cha kikombe. Ulipokaribia kugusa ndipo aliposhtuka. Akaurudisha mapajani, akauleta wa kulia, akaniangalia usoni aone nimeona nini.

Mimi sikuachia kikombe.

"Pokea tu kwa ule wa kwanza, mama," nikasema. "Chai ina moto."

Nilimwona akiangalia dirisha, kisha mlango, kisha mkono wangu uliokuwa unatetemeka.

"Rudishia mlango," akasema.

Nikarudishia mlango. Mama Mkubwa akapokea kikombe kwa kushoto, akanywa chai yote kwa kushoto, na hakumwaga hata tone.